Kabla Hamjaipima Kompyuta kwa Kilo



Wasomaji wa safu hii wamezoea kutukuta tukizungumza habari za malezi, nikahi na mirathi. Juma hili tunaomba radhi kwa kuwaingiza ndani ya kasha la kompyuta. Hatukwenda huko kwa hiari. Tulipelekwa na jambo lililotokea katika ofisi ya msikiti wetu hapa Tangini, Kibaha, na kabla ya kulieleza yatupasa kukiri kwamba kosa lililolizaa lilikuwa letu sisi tunaoshika kalamu ya ukatibu, si la mtu mwingine.

Ofisi yetu ni chumba kimoja kinachopakana na mahali pa kutawadhia. Ndani mna meza mbili, kabati la chuma, hasiri, na kompyuta ya mezani. Ililetwa na mfadhili mmoja aliyekuwa akifunga ofisi yake Dar es Salaam, akatamka mbele ya mashahidi kuwa ni wakfu wa msikiti. Kwa miaka kadhaa imetuandikia barua za mialiko, hesabu za michango ya Ijumaa, ratiba za darsa na vyeti vya watoto wa madrasa. Kisha, zilipoanza mvua, ikagoma. Ukibonyeza kitufe, feni inazunguka na taa ya kijani inawaka, lakini kioo kinabaki cheusi.

Dalili zilikuwapo, nasi tulizipuuza. Kwa muda wa miezi miwili saa ya mashine hiyo ilikuwa ikirudi nyuma kila asubuhi hadi Januari 2009. Siku moja mweka hazina alitoa stakabadhi za michango zenye tarehe hiyo, na mzee mmoja akasema kumbe alichangia paa la msikiti kabla mjukuu wake hajazaliwa. Tukacheka naye, tukasahihisha tarehe kwa kalamu, mambo yakaishia hapo.

Kamati ilikutana baada ya swala ya Isha. Mzee wetu mweka hazina, ambaye hana mkono wa kupoteza hata senti moja ya msikiti, alitoa hoja kwamba yule mnunuzi wa chuma chakavu apitaye na mkokoteni na mzani wake aitwe aipime kwa kilo, na fedha ziingie kwenye mfuko wa umeme. Wajumbe wengi wakatikisa vichwa kukubali. Sisi hatukutikisa. Tulikuwa tumekwisha kutikisa mara moja, miaka miwili nyuma, na matokeo yake tunayo hadi leo.

Mara ile ya kwanza ilikuwa kompyuta nyingine, kuukuu zaidi ya hii. Iliharibika, ikakaa chini ya meza mwaka mzima ikitugonga miguu, hatimaye tukamwita mnunuzi. Aliipima pamoja na vyuma vya dirisha na sufuria mbili zilizotoboka. Tulipokea fedha, tukaziandika daftarini, tukaona tumefanya kazi njema ya kusafisha ofisi. Hatukujiuliza ndani ya kasha lile mlikuwa na nini.

Mlikuwa na diski. Diski hiyo haikuyeyushwa pamoja na vyuma. Mtu mmoja aliichomoa na kuiuza, na ikaishia katika kibanda cha kuingizia nyimbo na filamu kwenye simu, ambako diski za zamani hutafutwa kwa kuwa zinabeba vitu vingi kwa bei ndogo. Kijana wa kibanda aliiunganisha ili aisafishe kabla ya kuitumia. Akakuta jalada lenye jina la wazi kabisa: wapokeaji wa zaka. Tulikuwa tumeliandika sisi wenyewe. Kila mstari ulikuwa na jina la mtu, idadi ya watoto wake, na safu ya mwisho yenye maelezo ya kwa nini anastahiki: huyu ameachiwa madeni na marehemu mumewe, huyu ana maradhi, huyu amefukuzwa nyumba ya kupanga. Safu ile tuliiweka kwa nia njema, ili mkaguzi wa hesabu akija aone kwamba fedha za Waislamu hazikutolewa kwa upendeleo.

Kijana hakuiba kitu. Aliwasomea wenzake barazani kwa mzaha, na mzaha hauna mlango. Baada ya siku chache mama mmoja aliyekuwa katika orodha ile alitajiwa habari zake gengeni, mbele ya watu, na mtu asiyestahili kuzijua. Akaja ofisini. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akasema, "Katibu, mwanangu, jina langu nililileta msikitini. Sikulipeleka mtaani." Akaondoka, na mwezi uliofuata hakuja kuchukua fungu lake.

Kabla ya kuandika haya tulimwomba idhini kupitia kwa mke wa imamu, akatoa, na tumebadili mambo mawili matatu ili asijulikane. Tunasema hivyo mapema kwa sababu ingekuwa ajabu kuomba msamaha kwa kosa la kutangaza siri kwa njia ya kuitangaza tena.

Basi tuliposikia kwa mara ya pili neno la mkokoteni na mzani, tuliomba kikao kiahirishwe. Mzee mweka hazina hakupendezwa. Akauliza, na swali lake lilikuwa la kielimu: mali ya wakfu ikiharibika, si inajuzu kuiuza? Tulimjibu kwa alichokiandika Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho wengi wetu tulikisoma kwa masheikh. Imam, aliyefariki mwaka 1277 Miladia, ameeleza kwamba kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Shafi ni kujuzu kuuza hasiri za msikiti zikichakaa, na boriti zake zikivunjika zikawa hazifai ila kuchomwa. Imam hakuijua kompyuta, lakini hasiri na boriti alizijua, na sharti aliloliweka ndilo lililotusimamisha: kitu kiwe hakifai tena. Nani kati yetu aliyekuwa ameifungua mashine ile akajua kwamba haifai? Hakuna. Tulikuwa tunataka kuuza boriti ambayo hatujaiangalia kama imevunjika au ina vumbi tu.

Mzee alitafakari, akasema, "Haya, ifunguliwe. Lakini fundi asije akatula fedha kuliko bei ya mashine." Sharti hilo nalo tulilikubali.

Fundi tulikuwa naye. Ni kijana aliyesomea umeme, na jioni huwafundisha watoto alifu na be madrasani. Alikuja Jumamosi baada ya Alasiri na bisibisi, brashi mpya ya rangi, kifutio cha penseli na pampu ya baiskeli. Watoto wa madrasa wakajazana mlangoni. Tulitaka kuwafukuza, yeye akasema, "Waache, Ustadhi, waone." Tunaeleza alichokifanya kwa kirefu kidogo, maana katika nyumba nyingi za wasomaji wetu kuna kasha kama hili juu ya kabati, limefunikwa kitambaa.

Alianza kwa kuchomoa waya wa umeme ukutani, hakuridhika na kuzima swichi tu. Kisha akabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe. Akagusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine chochote, kwa sababu mwili wa binadamu hubeba umeme tuli, ule unaoruka ukivua fulana ya nailoni, nao ni mdogo kwetu lakini unaweza kuua sehemu laini za kompyuta.

Ubavu wa kasha ulipofunguliwa, watoto walipiga ukelele. Vumbi lilikuwa limetanda kama blanketi, na chini palikuwa na mjusi mkavu. Feni ilikuwa imevaa utando. Fundi alitoa kasha nje, akapiga brashi na kupuliza kwa pampu, huku ameizuia feni kwa kidole isizunguke ovyo. Alitueleza kwamba vumbi ni adui mara mbili: huzuia hewa ya kupoza mashine, na likipata unyevu wa mvua huanza kupitisha umeme mahali pasipotakiwa. Chumba chetu kinapakana na maji ya udhu. Hatukuhitaji maelezo zaidi.

Akachomoa vipande viwili vya RAM. Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulichanganya, nasi tulikuwa miongoni mwao. Kompyuta ina kumbukumbu mbili. RAM ni kama ubao wa madrasa: huandikwa wakati wa somo na umeme ukikatika hufutika. Diski ni kama kitabu kilichofungwa kabatini: huandikwa na kubaki, hata mashine ikikaa miaka bila kuwashwa. Mashine inaposhindwa kutoa picha huku feni inazunguka, mara nyingi mahali pa kuanzia kutazama ni RAM. Fundi alisugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio, taratibu, akapangusa mabaki, akarudisha kipande kimoja tu. Akawasha. Giza. Akakitoa, akaweka cha pili mahali pale pale. Tukasikia mlio mmoja mfupi, na kioo kikawaka.

"Haijafa, Ustadhi," akasema. "Ilikuwa imezimia."

Kipande kimoja cha RAM kilikuwa kimekufa, na kwa sababu yake mashine nzima ilikuwa inapelekwa mzanini.

Saa iliyorudi mwaka 2009 nayo ilipata tiba. Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna betri ya duara kama sarafu, yenye maandishi CR2032 na nguvu ya volti 3, ambayo huiwezesha saa kutembea wakati umeme haupo. Ikiisha, saa husahau. Betri hizo huuzwa na mafundi saa, na bei ya hiyo tuliyonunua haikufikia nauli ya kwenda Mbezi na kurudi. Tuliona haya kidogo kwa zile stakabadhi.

Baada ya nusu saa mashine ikajizima yenyewe. Watoto wakaguna. Fundi hakushtuka, aliondoa feni iliyokaa juu ya prosesa akatuonyesha dawa ya kupoza joto iliyopakwa katikati kiwandani. Ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la ziwa lililokauka. Aliifuta kwa pamba yenye spiriti, akaweka dawa mpya kiasi cha punje ya choroko. Alisema mafundi wanaojifunza hupaka nyingi wakidhani wingi ni baraka, kumbe ikizidi inazuia joto kutoka. Toka siku ile haijajizima.

Ilibaki habari ya RAM. Kipande kimoja kiliiwezesha mashine kuwaka lakini ikawa nzito kama mzee mwenye baridi yabisi. Mzee mweka hazina alishaweka sharti la fedha. Ndipo tukakumbuka kompyuta nyingine iliyokuwa stoo ya madrasa chini ya majamvi, nayo ina kisa chake.

Hiyo ilitumwa na ndugu mmoja aishiye Marekani. Nyuma ya kasha, karibu na tundu la waya wa umeme, kompyuta nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu yenye namba mbili, 115 na 230. Umeme wa Marekani ni wa volti 120 hivi, wa kwetu ni 230. Mwalimu wetu mmoja wa madrasa, kwa furaha ya kupokea zawadi, aliichomeka bila kuitazama swichi hiyo. Ulisikika mlipuko kama wa fataki, moshi ukatoka, na mashine haikuwahi kufanya kazi hapa Tanzania hata kwa dakika moja. Tuliiweka stoo kama tunavyoweka vitu vyote vinavyotutia aibu.

Fundi alipoifungua alitabasamu. Kilichoungua kilikuwa ni pawa saplai peke yake, lile sanduku linaloupokea umeme wa ukutani na kuupunguza kuwa volti 12, 5 na 3.3. Lilikuwa limekula pigo lote kwa niaba ya wengine. RAM yake ilikuwa nzima na, kwa neema, ya aina ile ile tuliyoihitaji. Si kila RAM huingia kila mahali: DDR2 na DDR3 zina pengo la katikati lililowekwa sehemu tofauti makusudi, na anayelazimisha kwa nguvu ataivunja. Tulipata pia feni, kebo, kisomea sidii, na diski. Kompyuta ya wakfu ikapata RAM mbili. Mzee mweka hazina akauliza jumla ya gharama. Betri, na dawa ya choroko moja. Akaandika mwenyewe kwa mkono wake.

Pawa saplai iliyoungua fundi alikataa kuifungua, na kukataa kwake tunakusisitiza kwa wazazi. Ndani yake mna kapasita, vipande mithili ya vikopo vidogo, ambavyo hushika umeme mkali hata baada ya waya kuchomolewa, na vinaweza kumrusha mtu au kumuua. Kijana wako akipenda kufungua kompyuta, mwache afungue, msimamie, na mwambie sanduku lile asiliguse. Vioo vya zamani vyenye kisogo kirefu, mfano wa televisheni za zamani, navyo ni vivyo hivyo, tena kioo chenyewe kina risasi.

Tumesahau kusema kwamba wakati mmoja kazi hii isingewezekana kwa sababu kompyuta zenyewe hazikuwapo. Ya kwanza katika nchi yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta kutoka nje. Marufuku hayo yalilegezwa baadaye. Leo tunazipokea zikiwa zimechoka kutoka maofisini kwa wengine, na nyingi zaidi zitakuja, kwa kuwa Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 kwa kila mtu bila malipo tangu tarehe 14 Oktoba 2025 na mashine nyingi nzima zimehesabika kuwa kuukuu siku hiyo hiyo. Atakayepewa moja asiikatae. Zipo programu huria kama Linux Mint zinazokwenda vizuri juu ya mashine za miaka hiyo, na kwa barua, hesabu na masomo ya watoto zinatosha.

Sasa turudi kwenye diski, kwa sababu ndiyo iliyotufanya tuandike.

Siku ile tulikuwa na diski mbili mezani: ya kompyuta iliyopona, na ile iliyotoka Marekani. Kwa diski yetu tulinakili kwanza majalada yote ya msikiti kwenye flashi mbili, moja inakaa kabatini na nyingine kwa imamu, kwa kuwa diski inayotembea vizuri leo haijatoa ahadi ya kesho. Ikianza kutoa sauti ya kugonga, tik, tik, zima mara moja na umwite fundi. Kila ukiiwasha unaikwaruza zaidi. Kompyuta ikifa na diski ikiwa nzima, majalada hayajafa. Diski huchomolewa na kuunganishwa kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya USB. Ya kompyuta ya mezani huhitaji kebo yenye umeme wake wa pembeni, maana inataka volti 12 ambazo tundu la USB halitoi. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani diski imekufa.

Diski ya Marekani ilitufundisha upande wa pili. Mwenye nayo aliwahi kutuambia kwamba amefuta kila kitu. Fundi aliiwasha kwa programu ya kurudisha majalada, na katika muda wa kunywa kikombe cha chai zikaanza kujitokeza picha za familia. Tulimwomba aizime palepale, hatukuangalia picha ya pili. Kufuta kwa kawaida ni kama kung'oa faharasa ya kitabu: msomaji hajui sura ipo ukurasa gani, lakini kurasa zote zipo. Hata kufomati kwa haraka ni hivyo hivyo. Kinachofuta kweli ni programu inayoandika upya juu ya diski yote, mwanzo hadi mwisho, kazi ya saa kadhaa. Tuliifanya usiku huo, tukamwandikia ndugu yetu kumjulisha.

Diski iliyokufa haiandikiki, lakini aliye na vifaa bora kuliko vyetu anaweza kuisoma. Hiyo hutobolewa kwa drili, matundu kadhaa yapite kwenye sahani zake, au sahani zitolewe na kukwaruzwa. Mtobozi avae miwani, kwani sahani za diski za laptopu mara nyingi ni za kioo na hupasuka vipande.

Yapo pia ya nyumbani. Baba mwenye duka la steshenari anafariki, anaacha kompyuta aliyoandikia madeni: nani anamdai, naye anamdai nani. Wanafunzi wa mirathi wanajua kwamba deni hulipwa kabla urithi haujagawanywa. Tumeona familia ikiuza mashine ya marehemu katika wiki ya msiba ili kulipia turubai na chakula, na hesabu zote zikaenda nayo. Waliobaki wakaja kwetu kugombana juu ya kumbukumbu za vichwa. Ndugu wa marehemu, chomoeni diski kabla ya kuuza kasha. Ni skrubu nne na kebo mbili. Kasha mnaweza kuliuza jioni hiyo hiyo.

Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka anayekusanya habari za watu azilinde. Hatudhani msikiti ulihitaji kuisubiri sheria hiyo ili ujue kwamba siri ya mtu ni amana, lakini ni vyema kamati zetu zijue kwamba hata dola inalitazama jambo hili.

Kilichobaki baada ya kuchomoa vyote tulivyovihitaji kilikuwa kasha tupu, bodi, na pawa saplai iliyoungua. Kasha lilikwenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu kwa haki kabisa, likapimwa, mzee akapata fedha zake za umeme. Bodi na nyaya tumezihifadhi katika boksi hadi tupate mnunuzi anayezikusanya kwa utaratibu. Tumewakataza vijana kuchoma nyaya ili kupata shaba. Moshi wa plastiki ile una sumu, na risasi iliyomo katika bodi hubaki kwenye udongo ambao watoto wanauchezea. Ulimwengu ulizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki katika mwaka 2022, na iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo haikufika robo. Boksi letu moja ni dogo mbele ya tani hizo, lakini limekaa karibu na watoto wetu.

Kamati sasa imekubaliana mambo mawili. Kompyuta yoyote ya msikiti haitoki ofisini ikiwa na diski yake, na anayeidhinisha ni imamu pamoja na katibu, si katibu peke yake. Orodha ya zaka imetolewa kwenye kompyuta. Imeandikwa daftarini kwa namba badala ya majina, na majina yako katika bahasha ndani ya kabati. Safu ya maelezo tumeiondoa. Mkaguzi akiitaka atakuja kuuliza kwa mdomo.

Fundi wetu amejitolea kukaa barazani mwa ofisi kila Jumamosi baada ya Alasiri hadi Magharibi. Mwenye kasha juu ya kabati alilete pamoja na waya wake. Halipishwi isipokuwa bei ya kifaa kitakachonunuliwa. Mabinti wanakaribishwa pia; katika wale watoto waliojazana mlangoni siku ile, aliyekuwa wa kwanza kujua kutofautisha DDR2 na DDR3 kwa kuitazama tu alikuwa binti wa mwadhini wetu.

Kijana wa kile kibanda tulimfuata. Diski alikuwa ameshaijaza filamu juu ya yale majalada, hivyo huenda orodha imefutika kweli. Aliomba msamaha, nasi tukamwomba yeye msamaha, maana ni sisi tuliomwekea mtego njiani.

Fungu la yule mama tumelipeleka mwezi huu kwa mkono wa mke wa imamu, usiku, ndani ya kapu la unga. Amelipokea. Katika darsa la akina mama la siku ya Alhamisi bado hajarudi.